Miguu Sitini ya Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari hili nimepewa na mtu niliyeapa tangu Januari kwamba sitamsikiliza. Na bado nimekaa hapa, saa ya chakula, naliandikia kama mtoto wa shule.

Mtu mwenyewe ni bosi wetu mpya, binti wa mwenye kiwanda. Tunamwita Bibi Malengo. Jina hilo alijipatia mwenyewe siku ya kwanza, alipotukusanya sisi washona sare kumi na wanne akagawa kadi nyeupe: "Kila mtu aandike lengo lake la mwaka huu."

Sasa, sisi hapa kadi tunayoijua ni moja tu, ile inayofungwa kwenye kila furushi la vitambaa. Ina mistari mitatu. Kazi. Idadi. Sahihi ya mpokeaji. Anayetia sahihi si aliyeifanya kazi bali anayefuata kwenye mstari, akishaikagua. Furushi langu la mifuko hutiwa sahihi na mwenye zipu. Kwa hiyo huwezi kujisifia mwenyewe kiwandani kwetu, labda upande juu ya paa.

Basi watu wote kumi na wanne tukaijaza kadi ya Bibi Malengo vilevile. "Kazi: mifuko ya kushoto. Idadi: 200 kwa siku." Hata mistari tulichora wenyewe kwa rula. Alizisoma, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Mama zangu, baba zangu, hii ni kazi. Mimi nataka lengo. Kitu usichokiweza leo, na Desemba unakiweza."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimegombana na mkataji wetu, Mzee Mkasi, kwa sababu mifuko aliyonikatia ilikuwa na upungufu wa kidole kizima. Nilipomwambia, akanijibu bila kuinua kichwa: "Ukijua kufikiri njoo ukate mwenyewe." Alipotugawia kadi ya pili, kwa hasira zile zile nikaandika: "Kazi: kukata. Idadi: zote." Nikarudisha kadi, nikasahau.

Leo Bibi Malengo amezitoa kadi zote kwenye droo na kuzibandika ukutani chini ya saa, kila mtu na jina lake. Zimebaki wiki kumi na moja, anasema, na Ijumaa ya tarehe 19 Desemba ndiyo siku ya kuzitia sahihi. Mzee Mkasi alizisoma moja moja kwa sauti. Alipofika kwangu akasita.

"Zote?"

Akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akarudi mezani kwake. Nilitamani sakafu inimeze. Cha ajabu, kadi yake yeye ameikunja mara mbili na kuipigilia pini, haisomeki.

Jumanne, 7 Oktoba

Mifuko 212. Mvua. Bomba la jikoni linatona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kumbe kila Ijumaa Bibi Malengo atakaa na kila mtu dakika kumi. Leo zamu yangu.

"Umefika wapi, mama?"

"Sijaondoka, dada."

Hakukasirika. Akaniambia jambo ambalo limeninyima raha tangu mchana. Mzee Mkasi anastaafu mwisho wa Desemba. Baba yake Bibi Malengo anataka kuleta mkataji kutoka nje, ila yeye amemwomba asubiri. Kama kuna mmoja wetu atakayeweza kukata oda nzima peke yake kufikia tarehe 19, meza ni yake. Kama hakuna, Januari anakuja mgeni.

"Wewe ndiye pekee uliyeandika kukata," akasema.

"Niliandika kwa hasira."

"Sawa. Lakini uliandika."

Nimeshona mfuko wa kushoto miaka kumi na tisa. Mwenzangu wa kiti cha pili, shoga yangu, anashona wa kulia, na watu wameshatupa majina: mimi Mama Kushoto, yeye Mama Kulia. Suruali inapita kwetu vipande vipande na kuondoka vipande vipande. Naijua sehemu yangu kiganja kwa kiganja, lakini suruali nzima naiona kwa watoto wa shule njiani, kama watu wengine wote.

Nitaliandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo: ile meza naitaka. Naitaka sana.

Jumanne, 14 Oktoba

Nusu saa kila siku baada ya chakula nipo mezani kwa Mzee Mkasi, na Mama Kulia ananisaidia mifuko yangu. Somo la kwanza: kufagia chaki. Somo la pili: kufagia chaki.

Jumatano, 15 Oktoba

Chaki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Hatimaye nimeruhusiwa kukigusa kitambaa, si kukikata, kukitandika tu. "Kitambaa kina uso na mgongo," anasema Mzee. "Ukikikosea adabu kitakuaibisha mbele za watu." Anakagua kwa kupitisha kiganja, macho kafumba. Nilipokunja pembe vibaya alinifanya nikunjue mita ishirini na nne nianze upya. Mchoyo wa elimu, huyu mzee. Angekuwa kisima angetoza watu kuchungulia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nyumbani. Mume wangu ni fundi bomba, anaaminika mtaa wa juu na wa chini, na bomba la jikoni kwetu linatona mwaka wa sita. Mganga hajigangi. Nilipowasimulia habari za kadi alicheka mpaka chai ikampalia.

"Mtu mzima na akili zako unabandikwa ukutani!"

Binti yetu akaenda chumbani, akarudi na kadi aliyoichora vizuri kwa rula, akaibandika juu ya sinki. "Kazi: bomba la jikoni. Idadi: 1. Sahihi ya mpokeaji: Mama."

Baba mtu kaitazama, kanitazama mimi. "Umemharibu mtoto," akasema. Nikamwambia dakika kumi za Ijumaa atazipata hapa hapa mezani, na ajiandae kujibu amefika wapi.

Ijumaa, 31 Oktoba

"Umefika wapi, mama?"

"Kwenye kutandika, dada."

"Na Mzee?"

"Mzee yupo pale pale. Amesimama mlangoni mwa maarifa na funguo kaweka mfukoni."

Akaniuliza ni hatua gani ndogo kuliko zote ningeweza kuimaliza wiki ijayo. Si lengo zima, hatua. Nikasema kukata mifuko tu, maana mifuko naijua. Akainuka palepale kwenda kumwomba Mzee. Nilidhani atafukuzwa kama kuku. Akarudi anatabasamu: "Amekubali. Anasema alikuwa anangoja uombe."

Kumbe siku zote hizo sikuwa nimeomba. Nilikuwa nanuna.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekata mifuko mia moja na ishirini! Mashine ya kukatia inanguruma mkononi na kisu chake kinapanda na kushuka, na matabaka yote yanaachia kwa pamoja. Mzee akapima kumi kwa rula. Akapima ishirini. Akasema, "Hm." Mama Kulia anasema katika miaka yote hiyo hajawahi kusikia akimpa mtu "hm".

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua mpaka tunaongea kwa kupiga kelele, bati linavyolia. Mifuko 190. Bomba linatona.

Jumanne, 11 Novemba

Leo ukutani kulikuwa na kicheko. Mwenye vifungo, mama mmoja ambaye redio ikizimika hatuna hasara, aliandika Januari: "Kazi: kupunguza maneno." Bibi Malengo akamuuliza amefikia wapi. Amejibu kwa dakika ishirini na tano. Mpiga pasi naye, aliyeandika kwamba mwaka huu hataunguza hata nguo moja, amebakisha wiki tano na hajaunguza. Sasa tunamtazama kama watu wanaotazama mtu akipita juu ya ukuta. Wanaopita na maji ya chai wanamkwepa.

Niseme ukweli, nilizidharau kadi hizi. Niliona ni mchezo wa wasomi. Lakini tangu zibandikwe, tunaulizana. Zamani tuliulizana watoto hawajambo, basi. Siku hizi mtu anakuuliza umefika wapi, na inabidi uwe umefika mahali.

Jumanne, 18 Novemba

Mzee amenifundisha paterni, yale makaratasi magumu ya kuchorea: mbele, nyuma, mkanda. Nimechora, nimekata, kisha nikaketi na Mama Kulia baada ya kazi tukaishona, yeye kulia mimi kushoto, zipu tukahangaika wenyewe. Suruali moja nzima. Tuliitundika kwenye msumari, tukaitazama. Kisha Mama Kulia akasema, "Shoga, mfuko wako umekuwa jirani wa wangu miaka yote hii na sisi hatujui." Tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Jumatatu, 24 Novemba

Oda za mwisho zimeingia, zote za buluu, kitambaa kilekile: suruali ndefu thelathini za shule ya sekondari, na kaptula arobaini za watoto wadogo. Suruali ni zangu. Nitatandika mwenyewe, nitachora, nitakata. Zikitoka salama, meza ni yangu. Mzee alinieleza mara tatu: tabaka moja uso juu, la pili uso chini, hivyo hivyo mpaka sitini. Hapo mguu wa kushoto na wa kulia wanazaliwa pamoja, mapacha. Nikamwambia Mzee, hilo hata mtoto anajua.

Hilo hata mtoto anajua. Nayaandika maneno yangu ili nisije nikasema sikuyasema. 

Jumanne, 2 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Mzee hakuwepo. Alikwenda kufuatilia karatasi zake za mafao, akaniachia meza. "Tandika polepole," ndilo neno lake la mwisho. Mvua ilikuwa inapiga bati, mwenye vifungo anasimulia harusi ya mtu nisiyemjua, nami moyo ulikuwa juu kwa furaha. Nilitandika matabaka sitini kwa saa moja na nusu. Nikachora. Nikawasha mashine. Ilikata vizuri ajabu, kona zote safi, nikajiambia laiti Mzee angeona. Nikafunga mafurushi, nikaandika kadi, nikayasukuma kwenye mstari, nikarudi kitini kwangu kushona mifuko yangu ya kushoto. Ilikuwa mingi. Nilishona nikiimba.

Baada ya nusu saa Mama Kulia akanigusa bega.

"Shoga, mbona mimi leo sina kazi?"

"Subiri, litakufikia."

"Mafurushi yote yamepita. Hakuna mguu wa kulia hata mmoja."

Nilikwenda nikafungua furushi la kwanza. Kushoto. La pili, kushoto. Nilifungua yote sakafuni nimepiga magoti, nikageuza kila kipande, na kila kipande kilinitazama kwa uso ule ule. Miguu sitini, yote ya kushoto. Miaka kumi na tisa vipande vya kushoto vinanijia, na kila kimoja nakigeuza uso juu kabla ya kushona. Mkono ulifanya ulichozoea. Kila tabaka lililopaswa kulala kifudifudi, mkono wangu uliligeuza bila kuniuliza.

Na wa kunikuta pale sakafuni alikuwa mwenye kiwanda mwenyewe, aliyepita kuangalia oda. Hakupaza sauti. Alimwambia binti yake mbele yetu sote, "Haya ndiyo malengo yenu? Jumatatu naita mkataji." Akaondoka na mwavuli wake.

Bibi Malengo akachuchumaa karibu yangu. Nilingoja anigombeze, ningefurahi angenigombeza hata kidogo.

"Umefika wapi, mama?"

"Kushoto, dada. Kushoto tupu."

Midomo yake ilicheza. Yangu pia. Tukacheka tukiwa tumekaa kwenye vitambaa, mimi huku nalia. Kisha akasema, "Kadi yako bado iko ukutani. Sijaitoa." Akaniachia ufunguo wa kiwanda.

Nyumbani sikula. Mume wangu aliniuliza kulikoni, nikamweleza. Hakutania. Alisema kwenye kazi yake bomba likipasuka hawalilii maji, wanauliza kwanza maji haya yanaweza kwenda wapi. Nimelala na swali hilo.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeamka na jibu! Nimefika kiwandani kabla ya mlinzi kumaliza chai yake.

Miguu thelathini ya kushoto ina kazi yake, inahitaji tu wenzao thelathini wa kulia, ambao nitawakata kwenye jora lililobaki. Iliyozidi ni thelathini. Lakini mguu wa kijana wa sekondari ni mpana juu na mrefu, na kaptula ya mtoto ni kipande kidogo. Nikiilaza paterni ya kaptula juu ya ule mguu, naweza kukata upande ninaoutaka, kulia au kushoto, nafasi ipo. Miguu thelathini ya ziada inatoa kaptula kumi na tano. Na kule chini, kunakobaki kipande chembamba, kunatoka nini? Mifuko! Nani anajua mfuko unaingia wapi kuliko mimi?

Mzee Mkasi aliingia nikiwa nimeshachora tano. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Alipitisha kiganja juu ya vipande, macho kafumba.

"Mwaka wangu wa pili," akasema, "nilikata mashati arobaini bila kuacha nafasi ya kola. Sikuwahi kumwambia mtu." Akavua miwani, akaifuta. "Mimi nilitupa kitambaa. Wewe umekipa kazi."

Akavuta kigoda, akakaa. Hakushika mkasi. Nimekata peke yangu mpaka saa kumi, na kila nilipolaza tabaka la kulia nilisema kwa sauti, "Lala kifudifudi," na mstari mzima ukaitikia kama darasa la kwanza, "Limelala!"

Ijumaa, 5 Desemba

Suruali thelathini, zina miguu miwili miwili kama watu. Tumepungukiwa mita tisa tu za kaptula, Bibi Malengo ameziagiza. Mama Kulia amelalamika kazi imemzidi. Sijawahi kusikia malalamiko matamu kama hayo.

Jumatatu, 8 Desemba

Mwenye kiwanda alikuja. Hakuja na mkataji. Alichukua kaptula moja, akaivuta miguu yote miwili, akaigeuza ndani nje, akatafuta kosa kwa kidole. Akauliza, "Na hii imetoka kwenye ile miguu?" Mzee Mkasi akajibu kabla yangu: "Imetoka hapa mezani kwake." Kwake, alisema. Hakusema "kwangu". Nimelisikia vizuri.

Jumamosi, 13 Desemba

Mume wangu leo asubuhi alilala chali chini ya sinki saa nzima, akatoka na matope kichwani. Akanipa kadi na kalamu. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya bomba dakika kumi nikisikiliza, binti yangu akihesabu kwa saa. Kimya. Nilitaka kumwambia tuongeze dakika tano nyingine, nikamhurumia. Nikatia sahihi. Ameibandika kwenye begi lake la vyombo, anamwonyesha kila mteja.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku ya kadi. Mvua imekatika, mlango uko wazi, mashine zimefunikwa.

Bibi Malengo aliamua tufuate desturi yetu: hakuna atakayejitilia sahihi, na yeye hatatia. Kila kadi itiwe sahihi na aliyeipokea kazi. Kadi ya mpiga pasi ilitiwa sahihi na mwenye kufunga maboksi, maana hajaunguza hata soksi, tukampigia vigelegele. Mwenye vifungo alisimama akatangaza kwamba ameshindwa, akaeleza kwa kirefu sababu zote za kushindwa, tukamwomba mwaka ujao aandike lengo lingine, tumeshamzoea.

Kadi yangu aliichukua Mzee Mkasi. Alisoma tena, "Kukata. Zote." Akaongeza kwa mwandiko wake, "Kulia na kushoto." Akatia sahihi.

Halafu akaitoa ile yake, iliyokunjwa tangu Oktoba, akanipa mimi niifungue. Karatasi ilikuwa imeshika vumbi la chaki. Tarehe ya Januari, ile siku ya ugomvi wetu.

"Kazi: mkataji. Idadi: 1. Sahihi ya mpokeaji:"

Nilisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho yalijaa.

"Mzee, ulikuwa unanifikiria mimi?"

"Nilikuwa namfikiria mtu mwenye ubishi," akasema. "Wasio na ubishi hawapimi mara ya pili." Akaninyooshea kalamu. "Haya, kagua kwanza. Hapa hatusainiani kwa huruma."

Nilikwenda mezani, nikapitisha kiganja kwenye kitambaa kilichokuwa kimetandikwa, macho nimefumba. Uso. Mgongo. Uso. Nikarudi, nikaiweka kadi juu ya mgongo wa Mama Kulia, nikatia sahihi kwenye nafasi ya mpokeaji kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa kadi, na Mama Kulia akapiga ukelele.